Mbayuwayu Waliochelewa

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji na kumwaga nusu njiani, pale nyumbani kwetu Butiama bibi yangu, mama yake baba, aliwasikiliza ndege wa bustanini kama wengine wanavyosikiliza redio. Kiangazi kilikuwa cha shore, waliotoboa mapapai kabla sisi hatujaona kama yameiva. Yangeyange wakianza kufuata ng'ombe hadi kwenye matuta ya viazi, Bibi alitafuta jembe lake. Na mbayuwayu wakirudi barazani na matope mdomoni, alitoa mbegu za mtama kwenye kibuyu bila kumuuliza mtu. Mvua haikuwahi kumwaibisha, au ndivyo alivyotuambia.

Viota vya mbayuwayu vilikuwa chini ya paa la baraza, vya udongo mkavu, na sheria ya Bibi ilikuwa moja: haviguswi. Wale ni wageni, alisema, na nyumba wanayoikimbia haikai watu. Mwenye mimba akivunja kiota chao, na alichobeba hakitulii.

Mwaka ule ikafika zamu ya jumuiya kuja kusali kwetu. Mama, tumbo limeshamtangulia, akakandika baraza kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, akamalizia kwa majivu mpaka ukuta ukapendeza. Mama hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu. Viota vilimharibia ukuta wake, tena vilikuwa vitupu, kiangazi chote hakuna ndege aliyeingia. Akavikwangua vyote kwa jembe kuukuu.

Bibi alirudi kutoka shambani, akasimama, akatazama juu.

"Mama Sofia, umefanya nini?"

"Si vilikuwa vitupu, Mama?"

"Wanarudigaga hawa. Kila mwaka wanarudigaga."

Siku ya sala aliimba kwa sauti ndogo mpaka watu wakamuuliza kama anaumwa. Mimi habari ya kiota na mimba nilikuwa nimeisikia mara nyingi, sikuhitaji kuelezwa.

Wiki chache baadaye miguu ya Mama ilivimba, kichwa kikamuuma hata akashindwa kutazama mwanga. Kliniki wakaagiza apelekwe hospitali Musoma siku hiyohiyo. Baba akaondoka naye, mimi nikabaki na Bibi na ukuta wetu mzuri. Niliuchukia ukuta ule kwa moyo wangu wote.

Mvua nayo ikagoma. Kila nikirudi shuleni nilitazama chini ya paa kabla hata ya kutua madaftari. Hakuna kitu. Niliogopa mpaka nikawa naacha ugali sahanini, kwa sababu niliamini kabisa kwamba ndege wasiporudi, Mama harudi.

Asubuhi moja nilimkuta Bibi bustanini, ameinama penye migomba, anamwaga maji aliyooshea vyombo na kuvuruga udongo kwa mguu.

"Bibi, unafanya nini?"

"Hawana matope. Watajenga na nini, na mvua hakuna? Lete ndoo."

Nikaleta. Tangu hapo maji tuliyofulia, tuliyonawia, tuliyooshea mboga, yote yalikwenda kwenye dimbwi letu. Majirani walitucheka: wenzenu wanamwagilia mchicha, nyie mnamwagilia udongo! Bibi, ambaye kwa kawaida utani haukumpita bila jibu, safari hii alivuruga udongo tu. Kwenye rozari ya jioni alimtaja Mama kwanza, kabla ya watoto wake wa kuwazaa. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye anaogopa.

Mama alirudi mchana wa jua kali, bila mvua na bila ndege hata mmoja. Nilimwona Baba kwanza, amebeba beseni; nyuma yake Mama, amekonda, anatembea polepole, kifuani ana furushi. Nilikimbia nikipiga kelele. Bibi naye alikimbia, na sijawahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Alimkumbatia Mama kwa mikono yake ya matope, akamchafulia kitenge, wakalia wote wawili, na mimi nikalia kwa kuwaona wao. Ndani ya furushi mdogo wangu Neema akapiga chafya.

Baadaye Mama aliliona dimbwi.

"Mama, tope hili la nini?"

"La kuku," Bibi alijibu, akaendelea kumbembeleza mtoto.

Mvua ilipoamua kunyesha, mbayuwayu wakaja. Bibi alitoka barazani na Neema begani, akawatazama wakibandika matope kwenye ukuta wa Mama.

"Mmechelewa nyie," akawaambia. "Mtoto keshafika."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kiota kile hakukigusa.

Leo nakaa Manyamanyama, Bunda, na najua kwamba ilikuwa presha, na kwamba walioniokolea mama ni manesi wa Musoma. Nilikuwa nikidhani Bibi alitutisha bure. Siku hizi naona kingine: maisha yake yote aliamini onyo lile, na lilipomwangukia mkwe wake, alibeba ndoo akapigana nalo, akiomba yeye mwenyewe awe mwongo. Sijui kama nimewahi kupendwa zaidi ya mama yangu alivyopendwa kwenye dimbwi lile.

Mwaka huu Neema alikuwa mjamzito, na mvua imechelewa tena. Mume wangu alinikuta nyuma ya nyumba na beseni la maji ya vyombo, akauliza tope lile ni la nini.

"La kuku," nikamwambia.

Hatufugi kuku. Alinitazama kidogo, akaenda zake.

Jana Neema amejifungua salama, mtoto wa kike, na sauti yake niliisikia kwenye simu ikilia kwa nguvu zote. Nililia na mimi, kwa raha. Mbayuwayu hawajafika bado. Wakija, najua la kuwaambia.