Wakili Aliyebaki Nje ya Mahakama

Arobaini ya baba haijafika, babu akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo kudai shamba letu la mpunga. Huyu babu ndiye baba mzazi wa marehemu. Alisema shamba ni la ukoo, mwanawe alikuwa ameliazima tu. Tuliishi Lipangalala, pale Ifakara, mama na mimi, nimemaliza shule sina kazi, na chakula chetu chote kilitoka katika shamba lile. Likienda, tumekwisha.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Bahati nzuri, mawakili wa kujitolea walikuja Ifakara, wakaketi katika ukumbi wa parokia kusikiliza watu bila malipo. Nilimburuta mama hadi pale. Aliyetupokea alikuwa mwanamke kutoka Dar es Salaam, mwembamba, sauti ya chini kama anabembeleza mtoto. Mimi nilitaka wakili wa kufoka, wa kumtoa babu jasho. Kisha akatuambia jambo baya zaidi: Mahakama ya Mwanzo mawakili hawaruhusiwi kumsimamia mtu. Mama angejisemea mwenyewe.

"Sasa nyie mmekuja kufanya nini?" nikamuuliza. Mama akanifinya.

"Kumwandaa mama aseme," akajibu, wala hakukasirika.

Hakujua mzigo aliojitwika. Kwetu mwanamke hajibizani na mkwe wake. Mama hakuwahi kumtazama babu usoni wala kuketi naye mkeka mmoja. Zaidi ya salamu, akiwa na neno kwake aliniambia mimi, nami nikalipeleka, hata kama babu yupo hapohapo uani na amesikia kila kitu.

Wenzake walipopanda basi kurudi Dar, yule wakili alibaki, akalala kwa masista, akingoja kesi yetu. Jioni alikuja nyumbani kumzoesha mama. Alikalia kigoda, akashika fimbo, akajifanya ndiye babu: "Shamba hili ni langu!" Mama, anayejua kila tuta na kila mpaka wa shamba lile, aliinamisha kichwa akanyamaza. Wakarudia. Akanyamaza tena. Mimi nilitoka nje nisije nikasema maneno.

Niliporudi, wakili alikuwa ameweka fimbo chini. "Mama," akasema, "kule hutasema na mkwe. Kila neno unamwambia hakimu. Hata ukiwa na swali, mwombe hakimu amuulize mkwe."

Mama akainua uso. "Kwa hiyo hakimu atakuwa kama huyu mwanangu?"

Wakili alicheka mpaka akafuta machozi. "Ndiyo, mama. Wewe umtume tu."

Siku ya kesi wakili alisimama nje, karibu na dirisha. Mama alianza, macho yake yamemganda hakimu. "Mheshimiwa, mkwe wangu ni mzazi wangu, namheshimu. Naomba umuulize, wakati mimi na mume wangu tunafyeka matete pale na kung'oa visiki, yeye alikuwa anaishi wapi?"

Hakimu akauliza. Mimi nilishajiandaa kusikia uongo.

"Nilikuwa Mahenge," babu akasema. "Nilipohamia huku nililikuta linalimwa."

Hakimu akaamua shamba ni letu. Nilitaka kupiga vigelegele, mama akanikata jicho. Tulipotoka alimpita wakili, akaenda mpaka karibu na babu, akapiga magoti akitazama chini.

"Shikamoo, baba."

Niliogopa asije akakataa kuitikia, kuliko nilivyoogopa mle ndani.

"Marahaba, mwanangu," babu akasema. "Mvua zimekaribia. Usichelewe kulima shamba lako."

Wakili aliondoka na basi la Mikumi, na hatukumwona tena. Nimemshukuru katika sala zangu mara nyingi, na bado naona haitoshi. Yule wakili niliyemtaka mimi angetupatia shamba na kutunyang'anya babu. Huyu alituachia vyote viwili, na kila tulipovuna, hadi babu anafariki, debe la kwanza la mpunga ule lilikwenda nyumbani kwake.