Mstari Mbele ya Reli

Nilizaliwa Kigoma, mahali reli inapokwisha, na nadhani ndiyo sababu sijawahi kutulia. Nilipomaliza kidato cha nne nilipanda behewa la daraja la tatu hadi Dar es Salaam, kisha basi hadi Nairobi, kisha ndege hadi Athens, ambako nilichuma machungwa msimu mzima. Kutoka hapo ilikuwa treni baada ya treni, kulala nimekaa, kuamka katika nchi ambayo sikuijua hata salamu yake, mpaka asubuhi moja ya miaka ya tisini nikashuka Gare du Midi, Brussels, nimevaa makoti mawili ya mitumba.

Njiani niliambiwa nikifika niende Matonge, mtaa wa Wakongo, nimtafute kinyozi yeyote. Nilipoanza kujieleza kwa Kiswahili changu cha Tanzania, mteja aliyekuwa kitini akacheka, povu bado shingoni. Alisema naongea kama redio. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, dereva wa gari la mikate, mtu mzima ambaye wote mle ndani walimwita tonton, yaani mjomba. Jioni hiyo nililala kwake, mtaa wa Laeken, kwenye sofa lililokuja kuwa kitanda changu kwa miaka. Mkewe, ambaye nilimwita maman, alinipa sahani ya sombe, kisamvu chao, bila kuuliza nitakaa siku ngapi.

Nilipopata karatasi za ukaazi, nikaajiriwa kwenye kikosi kidogo cha kuchora mistari barabarani. Rangi yetu ilikuja kavu. Tuliiyeyusha kwenye pipa juu ya lori mpaka ikawa kama uji mzito. Mimi nilitembea nyuma ya mashine nikinyunyizia chenga za kioo juu ya rangi kabla haijakauka, kama mtu anayenyunyizia sukari juu ya maandazi. Chenga hizo ndizo zinazorudisha mwanga wa taa za gari. Kila tukimaliza, msimamizi wetu, Mbelgiji mwenye masharubu yaliyogeuka njano kwa sigara, alitoa chupa ya kahawa, na sote tulisimama kandokando ya mstari tukinywa mpaka upoe. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla. Harufu ya rangi ya moto na kahawa naikumbuka hata leo.

Majira ya baridi ya tatu, tonton alipata mkasa. Alikuwa akirudi na gari tupu jioni, mvua inanyesha, akafika kwenye tambukareli moja, pale barabara inapokatiza reli, huko kaskazini mwa jiji. Taa nyekundu aliiona, akafunga breki, lakini mstari wa kusimamia ulikuwa umefifia na hakujua aishie wapi. Geti lilishuka juu ya paa la gari lake. Treni ikapita mbele ya kioo, karibu kiasi kwamba aliona mwanamke ndani akimenya yai.

Hakuumia, ila hakushika usukani tena. Mwenye mikate alimweka kufagia unga, akamwambia gari litamsubiri mpaka Pasaka, baada ya hapo litapata dereva mwingine. Matonge walimtania. Kinyozi alimuuliza kama siku hizi anatembea na geti lake mwenyewe. Maman naye, wakiwa kwenye tramu, alimwita abiria. Tonton alicheka na wote, lakini nyumbani funguo zake zilikaa juu ya kabati, haziguswi.

Mwezi wa tatu kikosi chetu kilipangiwa tambukareli ile ile. Tulichora mstari mpya alasiri kavu, mpana, mweupe kama unga wa sembe. Nilikuwa nimemwomba tonton aje auone. Alifika wakati kahawa inaisha, akawashika wote mikono, akausifu kwa Kifaransa. Kisha giza likaingia, na manyunyu yakaanza. Msimamizi akasema basi, twende nyumbani. Nikamsihi ampeleke tonton kwanza, waupitie mstari kwa lori. Tonton alikubali, ila akakaa upande wa abiria, mimi katikati.

Tulitoka mbali kidogo tukaja taratibu, taa zimewashwa. Barabara ilimeremeta yote. Tonton akainama mpaka karibu na kioo.

"Mutoto, mustari yenu iko wapi?"

Nami nikautafuta kwa macho. Ulionekana tulipokuwa karibu kuukanyaga. Msimamizi alizima injini. Kisha akasema, kama anayejisemea, kwamba amefanya kazi hii tangu ujana wake na hajawahi kutazama mstari wake kwenye mvua. Ilikuwa kweli kwetu sote. Rangi haichorwi kwenye lami yenye maji. Mvua ikianza, wachora mistari hufunga vifaa na kwenda nyumbani. Maji yalikuwa yamezifunika chenga zetu, mwanga ukateleza juu yake.

Siku kavu iliyofuata tulirudi. Safari hii msimamizi alitaka rangi iwe nene na iinuke, migongo migongo kama bati, ili vichwa vyake vibaki juu ya maji, na akaleta chenga kubwa zaidi. Kisha tukangoja mvua, sisi ambao siku zote tuliilaani. Brussels haikutuchelewesha.

Jioni mvua iliporudi, tonton alikuja na funguo zake mfukoni. Alizunguka lori akafungua mlango wa dereva. Tulipokaribia reli mstari ukatoka gizani mapema, unang'aa ndani ya mvua. Akasimama kabla yake, taratibu.

"Bon," alisema. "Ile naiona."

Wiki hiyo hiyo, kabla ya Pasaka, alirudi kwenye gari la mikate.

Nilikaa miaka mingine kadhaa, kisha miguu ikaanza kuniwasha kama kawaida yake. Siku niliyoondoka moja kwa moja, tonton alinipeleka uwanja wa ndege kwa gari la mikate, maman nyuma katikati ya makreti. Mvua ilinyesha. Alizunguka makusudi apite njia ile, na kengele ikalia tukiwa tunakuja. Akasimama mbele ya mstari wangu.

"Na hii, nani ataichunga?" akauliza.

Nikamwambia, wewe, tonton.

Treni ikapita, geti likainuka, naye hakuondoka. Gari za nyuma zikapiga honi. Maman akamkumbusha kwamba abiria wake ana ndege, ndipo akaingiza gia, na nikasikia ile migongo ya rangi ikitetema chini ya miguu yangu.