Bia ya Kununulia Chemchemi

Mimi sikusoma sana. Baba alinitoa shuleni darasa la tatu nikasaidie kukamua mawese. Lakini mambo ya wale watu wa petroli niliyaelewa kuliko shemeji yangu aliyejua Kifaransa.

Ilikuwa Gatete, kando ya ziwa, wakati wa vita. Risasi zinalia huko milimani, sisi wa chini tunakamua mawese, maana watoto wanataka kula hata kama vita iko. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa. Aliniachia shamba la michikichi na chemchemi ndani yake. Mtaa mzima walichota pale, kwa sababu maji ya ziwa yalikuwa yanaleta kolera.

Akaja bwana mmoja kutoka Bujumbura, viatu vinang'aa, ametumwa na kampuni. Akasema chini ya shamba langu iko petroli, lakini imeshikana na mawe, haitoki yenyewe. Lazima watoboe, wasukume maji mengi yenye dawa mpaka mawe yapasuke.

"Maji hayo mutayatoa wapi?" nikauliza.

Akaangalia chemchemi.

"Na yakirudi juu mutayamwaga wapi?"

"Tutachimba shimo, mama. Ni matope tu."

Kwa jirani yangu walikuwa wamekwisha toboa tundu la kujaribu, na shimo la matope wamechimba. Bata wake watatu walikunywa kwenye shimo hilo, wakafa.

"Bata hawakuambiwa ni matope tu," nikamwambia.

"Mama, sheria inasema vilivyo chini ya ardhi ni vya serikali."

"Basi serikali ipite chini. Huku juu ni kwangu."

Nikakataa kutia kidole kwenye karatasi yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda soko la Rumonge. Kurudi, nakuta majirani wamejaa uani kwangu, kazie mbili za chupa za bia katikati, na bwana wa viatu ameketi kama mkwe. Shemeji, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa anagawa chupa. Akanifungulia moja, akaiweka mbele yangu.

"Shemeji, kaa. Mugeni ametukumbuka."

"Mugeni amewanunua."

Kwetu shamba haliuzwi kwa karatasi peke yake. Muuzaji na mununuzi wanakunywa pamoja, na majirani wakinywa nao wamekuwa mashahidi. Yule bwana alikuwa ameambiwa hivyo. Shemeji alipoelewa kwamba bia ile ni ya kununulia shamba, akaivuta kwake ile chupa iliyokuwa mbele yangu.

"Mimi nilikuwa na kiu tu," akasema.

"Kiu yako itatunywesha matope."

Bwana akapeleka kesi kwa bashingantahe, wazee wanaokata mashauri ya mtaa wetu, akiwa na orodha ya majina ya wote waliokunywa. Nilijua ndugu wa mume akikubali, watu wanamsikiliza kuliko mujane.

Siku ya kesi tulikaa chini, mbele ya ofisi ya serikali ya komine. Mzee mkubwa akauliza, "Mwenye shamba alikunywa?"

"Shemeji yake alikunywa chupa nne," bwana akajibu.

"Tano," jirani akasema. Watu wakacheka.

"Sikuuliza huyo. Shamba marehemu alimwachia huyu mama, sisi tukiwa pale. Alikunywa?"

"Chupa yake ilifunguliwa, ikawekwa mbele yake."

Nikasimama. "Mimi ni Mwislamu, tangu babu zangu. Hiyo chupa ndiyo ya tano."

Shemeji akainamisha kichwa, akakubali kwamba aliinywa yeye. Mzee akasema basi walikunywa mashahidi peke yao, na hakuna kitu walichoshuhudia. "Kwa bia tunakushukuru. Murakoze." Karani wa komine naye akamwambia bwana asilete mashine shambani bila kidole changu.

Sikumbuki vizuri nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nimeketi kwenye majani karibu na chemchemi, nakunywa kikombe cha pili, cha tatu, kama mutu aliyetoka safari ya mbali. Shemeji akapita na jembe begani. Alikuwa anakwenda kwa jirani kufukia lile shimo, bila kutumwa. Nikamwita, nikamjazia kikombe.

"Kunywa," nikamwambia. "Haya hayauzi kitu."