Mama Anaona Maskati Ni Karibu Kuliko Mariakani

(Msomaji huyu wa Kilifi, aliyetuandikia mwaka 1985, ametuomba tusimtaje jina.)

Na wala msidhani kwamba namlalamikia mume wangu, la! Huyo nampenda mpaka naona haya. Nina umri wa miaka ishirini na miwili, nilimaliza kidato cha nne hapa hapa Kilifi, na harusi yetu haijatimiza miezi mitatu. Mume wangu ni mpishi wa hoteli huko Maskati. Alikuja likizo, akaniona kwenye harusi ya binamu yangu, na tangu siku hiyo natabasamu hata nikiosha sufuria. Akiniita "malkia wangu" mbele ya watu, sijui niuweke wapi uso wangu.

Shida ni mama. Baba alishafariki, dada yangu ameolewa Mariakani, mimi ndiye niliyebaki naye nyumbani. Mume wangu alipokuja na ami yake kuposa, mama aliuliza jambo moja tu: "Huko Maskati ni mbali?"

Mume wangu akajibu kwa adabu, "Mama, kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi hadi ule wa Maskati ni mwendo wa saa tano tu."

Mama akapiga makofi. "Saa tano! Mimi nikienda kwa dada yake Mariakani, saa tano zapita sijafika hata Mtwapa! Kivuko cha Kilifi peke yake chanimalizia asubuhi nzima. Chukua mke, baba. Wewe wamweka karibu kuliko mwenzako wa Mariakani."

Tukacheka sote. Mume wangu hakusema uongo, ni saa tano kweli. Lakini ni zaidi ya maili elfu mbili, na tikiti ya kuja nyumbani mwajiri wake huitoa baada ya miaka miwili. Hayo mama hakuyauliza. Kwake yeye, umbali ni ule muda unaokaa njiani.

Sasa nina mimba changa, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama. Ameshakipaka chokaa chumba changu cha zamani, na kuku wa supu ya uzazi ameanza kuwafuga. Majirani wakimtania, "Bibi, binti anakwenda Uarabuni, utamwona tena?" huwajibu, "Kaeni hivyo hivyo! Huyu atakunywa chai kwake, ale chakula cha mchana kwangu. Wa Mariakani ndiye wa kulilia."

Juzi nilijaribu. "Mama, huenda nikajifungulia huko huko." Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Ujifungulie kwa watu, nami niko hapo saa tano? Nimekukosea nini, mwanangu?"

Mume wangu asema tumweleze wazi, lakini naye anaogopa kama mimi. Mama akininyima radhi, ndege hiyo nitaipandaje? Na mume wangu akienda peke yake, jamani, mimi nitaishije?

Tunasafiri mwanzoni mwa mwezi ujao. Wasomaji wenzangu, hasa mlioolewa mbali, niambieni la kufanya, maana kila nikifungua kinywa machozi hutangulia. Leo asubuhi mama alikuwa akinifungia achari ya maembe ya kwenda nayo, akaniuliza, "Ukishafika, utakuja lini kuniona? Dada yako huja kila mwisho wa mwezi."

Nilimkumbatia ili nisimtazame usoni. "Nitakuja, mama," nikamwambia. "Kabla mwezi haujaisha, nitakuja."