Dirisha Moja kwa Programu Zote

Siku yangu ya kwanza mjini Baraka, kando ya ziwa, daktari mkuu wa mradi wa kifua kikuu alinionyesha kompyuta, jenereta na sekretere wetu, Mama Riziki. Akaniambia mimi, mtaalamu wake mpya wa kompyuta, "Informaticien, bintu hii byote biko mu mikono yako. Bikikufa, ni we nitauliza." Nilitoka Uvira, nilijua kuandika programu, nami nilijiona mtu.

Programu zetu zilikuwa mbili: ya barua na ya dosie, yaani kumbukumbu za wagonjwa. Ukitaka kuhifadhi kazi, kila moja ilikufungulia dirisha la kuchagua faili, unaonyesha iende kwenye mashine au kwenye disketi. Programu ya barua ilitumia dirisha la mfumo wa kompyuta wenyewe, kitufe cha kuhifadhi juu, cha kughairi chini. Fundi aliyetengeneza ile ya dosie alichora dirisha lake mwenyewe kwa maringo, akavigeuza vitufe: cha kughairi juu, cha kuhifadhi chini. Ukikosea, dirisha lilijifunga kimya kana kwamba kazi imekwisha.

Vita viliposogea karibu, Mama Riziki alikuwa na desturi yake: risasi zikisikika, anahifadhi dosie, anafunga disketi kwenye pembe ya kikwembe, kitambaa alichojifunga kiunoni, tunakimbilia mitumbwi ya kwenda Ubwari, ng'ambo ya ghuba, pamoja na wagonjwa. Mara ya kwanza tulifika, tukaweka disketi kwenye mashine ya misheni ya huko, tukakuta haina kitu. Mkono wake uliozoea barua ulikuwa umebonyeza kughairi. Hatukujua mgonjwa yupi amefika wapi na dawa zake, na miongoni mwao alikuwemo mdogo wake mwenyewe. Mdogo huyo alilazimika kuanza matibabu upya, amekonda sana. Mama Riziki alilia mbele yetu sote, nami nilikuwa na hasira, si naye, bali na yule fundi.

Tuliporudi Baraka nilimwomba daktari mashine kwa wiki nzima, nibadilishe dirisha la dosie.

"Dirisha? Bantu banakufa, na we unaniongelea dirisha?"

"Ndiyo, docteur. Muntu mwenye woga hasomi. Mukono yake inaenda kwenye imezoea."

Akanipa ufunguo wa jenereta.

Maandishi ya ndani ya programu tulikuwa nayo, yaani zile amri ambazo mashine hufuata. Nililing'oa dirisha la yule bwana, nikaiamuru programu iombe dirisha la mfumo, lile lile la barua, tena lifunguke moja kwa moja kwenye disketi. Kuandika kulikuwa kwepesi. Kuijaribu tena na tena ndiko kulikonichosha.

Risasi zilirudi mchana, watu wakiwa sokoni. Mama Riziki alihifadhi huku kuta zinatetemeka, akafunga kikwembe, tukakimbia. Ng'ambo, daktari aliweka disketi kwenye mashine ya misheni, na dosie zote zikajitokeza. Asubuhi kila mgonjwa alimeza dawa yake, mdogo wa Mama Riziki pia. Alipona.

Baadaye nilifanya kazi Lulimba na Fizi, chini ya wakubwa wengi, na sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnaoandika programu mnapenda kuchora madirisha yanayoshangaza watu. Sawa, lakini mwulizeni kwanza atakayeyatumia anakimbia nini.

Juzi nilikutana na Mama Riziki huko Lweba, akinunua ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nikamuuliza kama anakumbuka jinsi nilivyobadilisha dirisha la dosie.

"Dirisha gani, Papa?" akasema. "Ile programu ilikuwaka tu muzuri."

Nilirudi nyumbani, nikafurahi siku nzima: dirisha lililotengenezwa vizuri halikumbukwi.