Wimbo wa Aliyekufa Chini ya Nidhamu

Nisikilizeni, jamaa, niwape habari za Mama Sidonie, mkulima wa mahindi hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mzaliwa wa Uvira kule Kongo, mwanakwaya tangu usichana wake.

Mwanawe Dieudonné alifia hospitalini Mbarara, Jumanne asubuhi. Alikuwa chini ya nidhamu ya kanisa: alimpiga mkewe Gisèle akiwa amelewa, wazee wakamkalisha benchi la nyuma na kumnyima meza ya Bwana. Na desturi yetu mnaijua: anayekufa katika nidhamu, kwaya haimwimbii.

Maiti ikaletwa. Akina mama wa kwaya wakaja kwenye kilio na mizigo ya kuni vichwani, lakini bila wimbo.

"Kuni mumeleta mingi," Mama Sidonie akawaambia. "Munatayarisha moto wa nani?"

Rafiki yake, Mama Godeberthe, akacheka huku analia. "We mama! Hata leo ulimi haulale?"

Pasta Adolphe akamketisha Mama Sidonie kando. "Mama, Neno liko wazi kuhusu moto wa milele. Siwezi kumwingiza mtoto wako mbinguni."

"Sikuombe umuingize mbinguni, Pasta. Nakuomba usimuingize mu moto. Kazi hizo zote mbili haziko zako."

"Kwa hiyo huamini hukumu?"

"Naamini sana! Nani alimupeleka Dieudonné mbele ya wazee? Ni miye. Niliona Gisèle jicho limevimba, nikasema huyu mutoto apewe azabu. Na siku zote za azabu yake nilimupelekea chakula. Niliomba nidhamu ili arudi, sikuiomba ili apotee. Kama miye, mama wa hasira mingi, naweza kuazibu na kupenda kwa mukono moja, Mungu ndiye atashindwa?"

"Na kama hakutubu?"

"Saa yake ya mwisho miye sikukuwa pale, na weye haukukuwa. Mungu alikuwa."

Pasta akainamisha kichwa. Ni mtu mkweli, simsemi vibaya.

"Kaburini sitasema yuko wapi," akasema mwishowe.

"Ni vizuri. Na wimbo?"

"Anzisha wewe."

Akaanzisha palepale, jeneza likinyanyuliwa. Wenzake wakasitasita, wakatazamana. Mama Godeberthe akamgusa bega.

"Umeanzia juu sana, mama, utatuua sisi wote. Shusha kidogo."

Akashusha, nao wakaingia mmoja mmoja, Gisèle wa kwanza.