Mgambo wa Mfukoni mwa Koti

Wenzangu mliokula chumvi kama mimi, nisikilizeni nyinyi, maana vijana wa leo wamenishinda. Zamani zetu kule Morogoro, kadi ya picha ilikuwa kitu cha kushikwa. Ilishikwa na mikono yenye mafuta ya mihogo, ikapigwa chini vumbini, ikasahaulika kaptulani, ikafuliwa, ikaanikwa kamba moja na soksi. Leo hapa Johannesburg mtu anaishika kwa kibano, utadhani anatoa mwiba! Makubwa haya.

Mama yetu aliuza mitumba sokoni. Robota likifunguliwa, harufu ya dawa ya nondo iligonga pua mpaka machozi yakatoka, na kazi yangu na kaka yangu Elia ilikuwa kukagua mifuko. Siku nyingi tuliambulia vifungo na leso zilizokauka. Siku moja Elia akapenyeza mkono ndani ya bitana ya koti la mtoto, akachomoa furushi la kadi lililofungwa mpira. Kila kadi ilikuwa na mwanaume mwenye kofia, sare, na rungu nene begani. Besiboli, ule mchezo wa Wamarekani? Nani aliyewahi kuisikia! Kofia, sare, rungu: hao ni mgambo, hakuna cha kubisha, mgambo walewale waliokuwa wakiwakimbiza mama zetu sokoni na kumwaga bidhaa. Mama alipoziona alishika kichwa.

"Yesu wangu! Hata mfukoni mwa koti wamenifuata!"

Nyuma ya kadi palijaa tarakimu. Elia akatangaza kwamba hiyo ni hesabu ya watu aliowakamata kila mgambo, na ikawa hivyo. Ile glavu kubwa ya ngozi waliyovaa mkononi ni ya kushikia wezi wa kuku. Tukagawana, tukabadilishana, mgambo mwenye sharubu kwa wawili wasio nazo na kipande cha muhogo juu. Mtaa mzima ukaugua ugonjwa huo. Koti halikuuzwa pale sokoni kabla vidole vya watoto havijapekua bitana yake, na akina mama wakipiga kelele, "Toa mkono, koti si kisima!"

Elia alikuwa na mgambo mmoja mwenye meno makubwa, anacheka. Huyo hakumbadilisha kwa lolote. Nyuma yake aliandika kwa kalamu ya bluu, SAJENTI ELIA, ile S imegeuka kinyume. Homa ilimchukua kaka yangu kabla hajamaliza darasa la sita. Picha yake hatuna hata moja. Mwandiko wake uliobaki duniani ni huo tu, na nimetembea nao mpaka hapa Bellevue ninapoishi.

Sasa binti yangu Neema, mzaliwa wa hapahapa, mtu mzima mwenye kazi ya ofisini, naye eti anakusanya kadi. Kukusanya gani? Yeye na wenzake wanazitia kwenye plastiki ngumu, hawazichezi, hawazigusi, wanaulizana hali ya kadi kama wanaulizia mgonjwa. Siku alipoiona yangu nusura azimie. "Eish, Mama! Hii ya kale sana! Twende Braamfontein Jumamosi, wenzangu waione." Nikakubali, tena kwa furaha. Nilidhani mtoto wangu hatimaye ametaka kujua nilikotoka.

Huko kwenye mkusanyiko wao tukamkuta kijana wa Kikenya, mwanafunzi, ndiye mjuzi wao. Alivaa glavu nyeupe, akaigeuza kadi, akahema.

"Mama, hii kitu ni noma sana. Uliipata wapi?"

Nikamwambia: ndani ya bitana ya koti la mtumba, tena lilikuwa furushi zima. Akadakia, "Furushi! Na zingine ziko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole ile iliyo mkononi mwake. Akageuza tena kadi, uso ukamsawijika. "Shida ni hii wino. Kuna mtu aliichafua. Lakini usijali, niko na dawa, natoa yote, inabaki safi." Na kabla sijapumua, pamba iko mkononi, imelowa, inashuka.

"We kijana! Weka hiyo pamba chini!"

Nilimpokonya kadi. Neema akaninong'oneza, "Mama, watu wanatuangalia." Waangalie! Aliichafua? Maskini yule kijana akadhani sijui thamani ya kitu, akaanza kunifundisha: jina la mchezaji, mji wake, urefu wake, mkono aliotumia, na maana ya kila tarakimu. Nikamwambia hizo ni hesabu za watu waliokamatwa. Hakucheka. Wajuzi wa siku hizi wana kila kitu isipokuwa kicheko.

Kwenye basi la mwendo kasi Neema alinuna dirishani. Kisha akauliza, "Lakini Mama, Elia ni nani?"

Mwanangu, anayejua majina ya wanaume wote walio ndani ya plastiki! Nimemtaja mjomba wake kwenye sala ya kila Krismasi, na yeye masikio yamezibwa na vile vidude vyake vya muziki. Iliniuma, sifichi. Nikamwambia avitoe kwanza. Akavitoa.

Nikamwambia zile kadi zingine ziko wapi. Siku ya kumzika Elia walikuja watoto wa mtaa mzima, na mgambo wao mifukoni. Hakuna mtu mzima aliyewatuma. Watu walipomaliza kutupa udongo kiganja kwa kiganja, watoto nao wakapita mmoja mmoja, wakatupa kadi zao kaburini, wenye sharubu na wasio nazo, mpaka zikaisha. Mama aliizuia moja tu, hiyo yenye jina la Elia.

Mimi nikawa namfikiria yule kijana na glavu zake nyeupe. Zamani zetu hatukujua jina la mwanaume hata mmoja kwenye zile kadi. Wa leo wanayajua yote, na ningewaambia ziko wapi, wangeuliza njia ya kwenda kufukua.